Simu 4, watoto 12: namna ya kuendesha darasa la picha uswahilini

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua kupiga picha, hata kama ni za harusi na kipaimara tu, anayeishi karibu na watoto ambao kwao hakuna kamera, na anataka kuwafundisha. Nauandika kutoka Dar es Salaam, kwenye mitaa ya bonde la Msimbazi. Huku nyumba zimebanana, mitaro iko wazi, na masika yakizidi maji huingia hadi chini ya kitanda. Nafundisha huku kila Jumamosi, kwa mizunguko ya Jumamosi 10.

Kuna jambo moja ninalolishikilia, na hatua zote zimejengwa juu yake. Picha ni ya mtoto aliyeipiga na ya mtu aliyepigwa, na lazima irudi nyumbani kwao ikiwa kwenye karatasi. Darasa ambalo picha zake zinaishia kwenye simu ya mwalimu au kwenye ripoti ya mfadhili limewachukulia watoto kitu na halijawapa chochote.

Kazi yenyewe si ngeni Afrika Mashariki. Mwaka 1997, huko Mathare, Nairobi, mpiga picha Lana Wong alishirikiana na chama cha michezo cha vijana cha MYSA, wakawapa vijana wa pale kamera za plastiki za bei rahisi, na vijana wakaupiga mtaa wao wenyewe. Arusha, kuanzia 2008, walimu wa shule walifundishwa mbinu ya mpiga picha Mmarekani Wendy Ewald ya kuunganisha picha na kusoma na kuandika. Zile kamera za Mathare zilikuwa duni kuliko karibu simu yoyote ya tachi utakayoikuta leo kwa fundi simu, kwa hiyo ukosefu wa vifaa usikuzuie.

Kabla ya watoto: mwenyekiti, mjumbe, wazazi

Usianze na watoto. Wao watakubali siku hiyo hiyo, nawe utajikuta umeahidi kitu ambacho mzazi hajakisikia. Anza ofisi ya serikali ya mtaa. Jieleze kwa mwenyekiti na mtendaji, uwaachie barua yenye jina lako, namba yako ya simu, mahali, siku na saa za darasa. Kisha mtafute mjumbe, maana yeye ndiye wazazi watakayemuuliza kama mtu huyu anajulikana.

Kwa wazazi nenda nyumbani, jioni, mama akishatoka kwenye biashara. Kaa ulipoonyeshwa. Usifike na fomu mkononi, fika na maneno. Mitaa hii imepigwa picha sana na wageni waliopita wakaenda zao. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, sisi hapa tumeshapigwa mpaka vyoo, na hakuna aliyewahi kuniletea hata picha moja." Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kumwahidi kwamba zangu zitamfikia. Wiki ya tatu nilimpelekea picha ya kwanza aliyopiga binti yake, na tangu siku hiyo yeye ndiye anayenitetea kwa majirani.

Karatasi ziwe mbili. Ya kwanza ni ruhusa ya mtoto kuhudhuria. Ya pili ni ruhusa ya picha zake kuonyeshwa nje ya darasa, na mzazi anaweza kukubali ya kwanza akaikataa ya pili bila mtoto kupoteza nafasi. Msomee kwa sauti, maana si kila mzazi atakuambia kwamba hajui kusoma. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo hata kijana wa kidato cha nne mwenye sauti nzito mhesabu humo. Kisha muulize mtoto mwenyewe, mbali kidogo na mzazi, kama anataka kuja. Wapo wanaoletwa tu.

Saa za darasa zipange na akina mama. Asubuhi ya Jumamosi watoto, hasa wasichana, wanafua, wanachota maji, wanalea wadogo zao, na wengine wako madrasa. Ukiweka darasa saa 3 asubuhi utapata wavulana watupu na utadhani wasichana hawapendi picha. Langu linaanza saa 8 mchana na kuisha saa 11 jioni, na mwenye mdogo wa kulea anakuja naye mgongoni.

Darasani wawe watu wazima wawili muda wote, mmoja wao mwanamke, na mlango ubaki wazi. Hili halina mjadala hata kama unaaminika vipi.

Vifaa

Watoto 12 wanatosha sana. Simu 4 zinawatosha, kila simu kwa watoto watatu: mmoja anapiga, mmoja anaangalia mwanga na njia, mmoja anaandika jina la aliyepigwa na nyumba yake. Wanabadilishana kila baada ya picha 10. Ukimpa kila mtoto simu yake, kila mmoja atazama kwenye kioo. Wakiwa watatu, wanazungumza kuhusu picha kabla haijapigwa, na hapo ndipo wanapojifunza.

Simu za mtumba zinafaa. Kabla hujalipa, piga picha ya ukuta mweupe uangalie kama kuna doa, piga nyingine ya kitu cha mbali kuona kama lenzi imekwaruzika, kisha washa kamera dakika 10 uone betri inashuka kiasi gani. Ukishanunua, toa laini, zima intaneti, futa michezo yote. Weka kava la mpira, na ufunge kamba ya kiatu ya kuvaa mkononi. Bila ile kamba usiitoe simu nje. Kitambaa cha kufutia lenzi kiwe kipande cha kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi. Vidole vyenye mafuta ya mihogo ndivyo vinavyoharibu picha nyingi za watoto kuliko kosa lolote la kiufundi.

Amua siku ya kwanza nani atalipa simu ikivunjika. Jibu ni wewe, na uliseme mbele ya watoto na wazazi. Mzunguko wangu wa kwanza sikulisema. Mvulana wa darasa la tano aliangusha simu kwenye mtaro, akaiokota, akaifuta kwa fulana yake, akaiweka mezani bila neno. Wiki iliyofuata hakuja, na ya pili yake hakuja. Nilipofika kwao nilimkuta amejificha nyuma ya mlango. Mama yake alikuwa ameanza kuweka akiba ya shilingi mia mia kwenye kopo ili anilipe. Nilikaa pale hadi usiku nikiomba radhi. Kopo lile silisahau, na siku hizi neno la kwanza ninalotamka darasani, kabla hata ya jina langu, ni kwamba simu ikianguka imeanguka, njoo uniambie.

Jumamosi ya 1: chumba cha giza

Siku ya kwanza simu hazitoki kwenye kasha. Watoto wakianza na simu watadhani picha inatoka kwenye simu, ilhali inatoka kwenye mwanga, na hilo wanapaswa kuliona kwa macho yao.

Chagua chumba chenye dirisha linalotazama mahali penye jua na watu wanaopita. Ziba dirisha lote kwa nailoni nyeusi mikunjo miwili, bana pembezoni kwa selotepu, ziba chini ya mlango kwa kanga. Katikati ya nailoni toboa tundu moja la mviringo, upana wake kama wa kifuniko cha kalamu. Simamisha shuka jeupe likitazamana na tundu, umbali wa mita moja na nusu hivi. Watoto wakae pembeni wasizibe mwanga. Hapa tu ndipo mlango unafungwa, kwa hiyo sheria yako ya watu wazima wawili hapa ndipo inapohitajika zaidi. Kisha nyamazeni dakika 5 ili macho yazoee.

Mwanzo wanaona giza tu, na wadogo wanacheka kwa woga. Kisha mmoja anasema, "Kuna kitu kinatembea." Ni bodaboda, anapita kwenye shuka magurudumu juu. Mbingu iko chini. Bati la jirani liko juu yake, na kanga iliyoanikwa uani inapepea kwa rangi zake zote, kichwa chini. Mtume mtoto mmoja nje aende kuruka mbele ya dirisha. Kelele utakazozisikia ndani ya chumba siwezi kuziandika.

Wakitulia, eleza. Mwanga hunyooka. Unaotoka juu ya mnazi unashuka, unapita tunduni, unaishia chini ya shuka. Unaotoka chini unapanda. Ndiyo maana picha imepinduka. Jambo hili alilichunguza na kuliandika Ibn al-Haytham, mwanazuoni wa Basra aliyefanya kazi Cairo, yapata miaka 1,000 iliyopita. Watoto wa madrasa hukaa wima wakilisikia jina hilo.

Watoto wa nyumba za bati wana somo la ziada kwao. Waulize nani amewahi kuona vile vidoa vya mwanga vinavyoingia kupitia matundu ya misumari darini na kutua sakafuni. Wote wameviona. Waulize kwa nini ni vya mviringo ilhali tundu lenyewe limechanika ovyo. Waache wabishane. Jibu ni kwamba kila kidoa ni picha ya jua. Jua lilipopatwa tarehe 1 Septemba 2016, na kule Rujewa, Mbeya, likabaki pete ya moto, vidoa vya namna hiyo chini ya miti navyo viligeuka pete. Kwa hiyo mtoto huyu amelala miaka yote ndani ya kamera. Hapo hapo uwaonye: jua halitazamwi kwa macho, wala kwa kioo cha simu.

Waende nyumbani na kazi moja. Wakate boksi la sabuni watoe fremu, dirisha dogo la upana wa vidole vinne kwa vitatu, na wiki nzima watazame mtaa kupitia humo. Wakiisogeza karibu na jicho wanaona kwingi, wakiinyoosha mkono wanaona kidogo. Fremu hiyo ya boksi wataibeba hadi mwisho wa mzunguko.

Jumamosi ya 2 na ya 3: mwanga, na ngozi zetu

Anza na kivuli. Saa 8 chora kwa chaki kivuli cha mtoto aliyesimama, rudia saa 10, rudia saa 11. Dar es Salaam jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Ukibahatika kuwa na darasa siku hizo, waite mapema uwatoe nje, kama saa 6 na nusu mchana ikiwa Machi au saa 6 na dakika 10 ikiwa Oktoba, waone kivuli kimejikunja chini ya nyayo. Waulize macho ya mwenzao yako wapi. Yamezama kwenye mashimo mawili meusi. Hawatahitaji tena kuambiwa kwamba mchana wa jua kali haufai kwa sura ya mtu.

Kisha wapeleke mlangoni. Mlango wa nyumba ya uswahilini ni studio bora kuliko nyingi zinazolipiwa. Mtu akikaa hatua moja ndani ya kizingiti, akautazama uani, uso wake unapata mwanga laini wa upande mmoja, na nyuma yake kuna giza la chumba. Wewe upige ukiwa nje. Tumia Jumamosi nzima mlangoni ukiweza.

Kuhusu ngozi nyeusi, fundisha waziwazi. Kwa miongo mingi filamu za rangi na mashine za kuzichapisha zilirekebishwa kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, ambazo wasafishaji picha waliziita "Shirley", na sura zetu zikatoka doa jeusi lenye meno. Simu za leo ni bora zaidi ila bado zinakosea kwa namna mbili. Mtu akisimama mbele ya mbingu, simu inaitazama mbingu na uso unakuwa giza: gusa uso kwenye kioo, ikitokea alama ya jua itelezeshe juu hadi uone macho. Uso mweusi ukijaza fremu nzima, simu inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na ngozi inatoka ya kijivu kama iliyopakwa unga: itelezeshe chini hadi rangi yake irudi. Watoto hulishika hili kwa dakika 10.

Halafu zima ule urembo wa simu unaolainisha na kuangaza uso. Simu nyingi zinakuja umeshawashwa. Msichana mmoja alitazama picha yake ya kwanza isiyo na urembo huo akaniuliza kama simu imeharibika. Nilimwambia afananishe picha na mkono wake. Alifananisha muda mrefu. Akasema, "Mwalimu, hii ndiyo yenyewe."

Jumamosi ya 4: kuomba

Hili lifanyieni mazoezi darasani kama igizo, kabla hamjatoka. Mtoto anasalimia kwanza: "Shikamoo, bibi." Anasubiri marahaba. Anajitaja ni mtoto wa nani, maana mtaani hilo ndilo linalofungua mlango. Anasema, "Naomba nikupige picha, ni ya darasa letu la Jumamosi, nikishaisafisha nitakuletea yako." Akikataliwa anasema "Asante, bibi" na kuondoka bila kununa. Mfanye kila mtoto awe bibi na kila mtoto awe mpiga picha. Wakicheza nafasi ya anayepigwa, wanajua ghafla inavyokuwa mtu anapokuelekezea kitu usoni.

Wasivyopiga: mtu anayeoga au aliyelala, mgonjwa, msiba, walevi, ugomvi, kituo cha polisi na kambi ya jeshi. Mtoto mwenzao aliyevaa nguo pungufu hapigwi hata akiomba mwenyewe.

Watoke watatu watatu na mtu mzima akiwa kwenye kona wanayoiona. Weka mipaka kwa majina ya mtaani: mwisho ni mashine ya kusaga upande huu, na kwa muuza mkaa upande ule. Wakwapuaji wa simu wapo, na agizo langu ni kwamba mtu akiivuta simu, mwachie. Kuhusu kamba ya mkononi, ifungwe kwa namna inayoteleza kutoka ikivutwa kwa nguvu, isije ikamburuza mtoto.

Jumamosi ya 5 hadi ya 7: kazi za kupiga

Mwalimu mgeni mara nyingi huwaambia watoto, "Piga picha za changamoto za mtaa wenu." Usifanye hivyo. Mtoto ni mwerevu, atajua unataka taka na mitaro, na atakuletea. Zitakuwa picha zako zilizopigwa kwa mkono wake. Mfadhili mmoja aliwahi kuzitazama picha za darasa langu, akaniuliza kama hakuna "zinazoonyesha hali halisi". Mezani palikuwa na picha ya baba akimsuka binti yake. Nilizikusanya nikaondoka, na msaada ule sikuupata, na sijutii.

Ewald aliwapa watoto maeneo manne: mimi, familia yangu, jamii yangu, ndoto zangu. Ni mpangilio mzuri kwa sababu unaanza na mtoto mwenyewe. Mimi naugawa kuwa vikazi vidogo, maana "familia yangu" ni pana mno kwa mtoto wa miaka 11. Mifano: mikono ya watu wa kwetu. Kitu kilichokuwepo kabla sijazaliwa. Vitu vinavyolala ndani usiku na kutoka nje asubuhi (nyumba ya chumba kimoja ina vingi: baiskeli, meza ya chipsi, kuku, majiko). Mahali ninapokaa nikitaka kunyamaza. Rangi moja tu, uitafute mtaa mzima. Kwa ndoto, wanaigiza na kujipanga wenyewe. Aliyetaka kuwa rubani alijilaza juu ya mchanga uliochorwa mabawa, mwenzake akapiga kutoka juu ya ngazi.

Kabla ya kupiga, kila mtoto anaandika mistari mitatu kwa Kiswahili: nataka kuonyesha nini, nani atakuwepo, nitasimama wapi. Baada ya kupiga anaandika tena: nini kimetokea ambacho sikukipanga. Aliye mzito wa kuandika amwambie mwenzake amwandikie. Nimeona watoto waliochukia insha shuleni wakijaza ukurasa kwa ajili ya picha moja, kwa sababu safari hii wanaandika wanachokijua wao peke yao.

Nikupe mfano mmoja. Msichana wa darasa la sita alirudi na picha 9 za ndoo za maji zilizopangwa foleni kwenye bomba, hakuna mtu hata mmoja. Nilidhani amekosa la kupiga. Nikamwomba anieleze. Akanionyesha kwamba kila ndoo imefungwa kitambaa kwenye mpini: hiki ni kipande cha kitenge cha mama wa chips, hiki cha sare ya shule ni cha bibi mwenye mjukuu aliyefaulu, hii yenye kamba ya bluu ni yao. Wenyewe wamerudi kulala kidogo, ndoo zimebaki kuwashikia nafasi, na hakuna anayeruka foleni ya ndoo. Picha 8 alizipiga akiwa amesimama, ndoo zikaonekana kama rundo. Ya 9 alipiga magoti kwenye tope, simu usawa wa mipini, na vitambaa vyote vikaonekana kimoja baada ya kingine hadi kwenye bomba. Sikumfundisha kupiga magoti. Kilichompeleka chini ni kutaka tuvione vitambaa.

Ufundi mwingine upitie haraka: sogea kwa miguu badala ya kuvuta picha kwa vidole, angalia nguzo isiote kichwani mwa mtu, kagua pembe nne za fremu kabla ya kubonyeza, bana viwiko mbavuni mkono usitetemeke. Ile sheria ya kugawa fremu mara tatu, ili si kila kitu kikae katikati, naitaja mara moja tu.

Kuchagua na kusafisha

Katika picha 30, mtoto anachagua 2. Anachagua yeye. Nimeumia mara nyingi kuona picha nzuri ikiachwa, na nimejifunza kuuma ulimi. Unachoruhusiwa ni kuuliza. Jicho lako linaanzia wapi? Halafu linakwenda wapi? Ungerudi leo, ungesimama wapi? Maneno "nzuri" na "mbaya" tumeyaondoa darasani kwa wote, hata kwa wenzake.

Kila wiki mbili wapeleke watoto wenyewe studio ya mtaani kusafisha picha, watatu watatu, na oda yao. Elewana na mwenye studio bei ya jumla kwa ukubwa wa inchi 4 kwa 6. Mwombe awaonyeshe karatasi inavyoingia nyeupe na kutoka na sura. Hili ni gharama kubwa kuliko zote za darasa, na ndilo la mwisho kupunguza pesa zikipungua. Punguza soda kwanza, punguza fulana za darasa. Simu hufa na picha zake. Unguja, Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 imehifadhi sura za watu wa enzi hizo kwa sababu zilikuwa kwenye filamu na karatasi.

Kila picha isafishwe nakala mbili, moja ya mtoto, moja ya aliyepigwa. Nyuma mtoto aandike kwa kalamu jina lake, tarehe, na aliyeko pichani. Kisha aipeleke mwenyewe. Bibi aliyekataa mwanzoni ataona jirani yake amebandika sura yake ukutani, na wiki chache baadaye atamwita mtoto.

Ulinzi

Picha za darasa hazipandishwi hovyo kwenye stetasi ya WhatsApp, hata yako. Zima kipengele cha mahali kwenye kamera. Sare ya shule inataja shule, namba ya nyumba inataja nyumba, kwa hiyo picha inayotoka nje ya mtaa ipitiwe kwa jicho hilo, na jina kamili la mtoto lisiambatane na sura yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtoto ni taarifa yake. Mtu akitaka kuitumia picha kwenye kalenda au ripoti, aje aombe kwa mtoto na mzazi, aandike atakapoitumia, na kama kuna malipo yaende kwao. Aliyebonyeza ndiye mwenye hakimiliki, na umri haubadilishi hilo.

Siku moja kamera itakuletea kitu kizito. Alama mgongoni, mtu mzima asiyestahili kuwa chumbani, mistari mitatu ya maandishi inayokufanya uinue kichwa. Usiichunguze wewe, usiwaonyeshe wenzako, na usimwahidi mtoto kwamba itabaki siri. Msikilize, mwambie amefanya vizuri kusema, na siku hiyo hiyo wasiliana na afisa ustawi wa jamii wa kata, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Polisi wana dawati la jinsia na watoto. Namba hizi ziandikwe ndani ya kifuniko cha kasha la simu kabla darasa halijaanza.

Jumamosi ya 8 hadi ya 10: maonyesho

Maonyesho ya kwanza yawe mtaani. Ukumbi wa hoteli unaweza kufuata, ila akina mama wa bombani hawatafika huko. Funga kamba za kuanikia nguo kati ya mwembe na nguzo, kimo cha kifua cha mtoto, ning'iniza picha kwa vibanio, kila moja na maneno ya mtoto chini yake kwa herufi kubwa. Tumia nailoni ngumu kuzifunika, maana upepo wa bahari wa alasiri unabeba vumbi. Anza saa 10, jua likiwa limelala, hadi magharibi. Kila mtoto asimame karibu na picha zake na awe amejizoeza kuzieleza. Mgeni rasmi awe mwenyekiti wa mtaa, hotuba iwe moja, fupi.

Jumamosi ya 9, kabla ya siku hiyo, waulize watoto mmoja mmoja kama kuna picha ambayo hawataki tena ionekane. Hubadili mawazo. Itoe bila kuuliza sababu.

Maonyesho yakiisha, watoto 2 au 3 watataka kuendelea. Mohamed Amin, mpiga picha ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilitikisa dunia, alikulia Dar es Salaam na alianza kupiga picha akiwa mwanafunzi hapa hapa. Hao wape saa za ziada. Wakubwa wafundishe picha za pasipoti kwa shuka jeupe na mwanga wa mlangoni, picha za mahafali, maulidi na send-off, namna ya kupatana bei na kuandika risiti. Mzunguko mpya ukianza, wao ndio wanaofunga nailoni dirishani, na ufunguo wa kasha la simu unakaa kwao.